Yanayosemwa juu ya kichwa cha mtoto

Shikamooni wakubwa zangu. Wa rika langu, hamjambo. Nimefurahi kuona waliokuja si akina mama peke yao. Nawaona akina baba, nawaona bibi na babu, mashangazi na wajomba, na pale nyuma nawaona kaka na dada wakubwa, wale wanaobeba wadogo zao kila siku na hakuna anayewaambia hata asante. Ninayotaka kusema yanawahitaji nyote kwa pamoja. Mkiyasikia nusu nusu yatageuka kuwa silaha nyumbani: "Umeona, mwalimu kasema wewe ndiye unayekosea."

Niliombwa nizungumzie malezi ya watoto ambao hawajafikia umri wa shule. Jambo hilo ni pana, nami nimechukua kipande chake kimoja tu: yale ambayo sisi wakubwa tunaambiana mbele ya mtoto, kuhusu mtoto mwenyewe. Nimefundisha watoto wa awali kwa muda mrefu. Mzazi akinijia na malalamiko kwamba mwanawe amekuwa mkaidi, au halali, au analia kila anapoachwa, tunakaa tunazungumza, na kabla hatujafika mbali anatajwa mtu mzima mwingine. "Bibi yake anamdekeza." "Baba yake akirudi anavuruga kila kitu." "Wifi yangu anamtia maneno." Mashitaka yameandikwa kwa jina la mtoto, kumbe kesi ni ya wakubwa.

Chukueni jambo dogo kabisa. Ni asubuhi, watu wana haraka. Mtoto wa miaka 3 amekaa chini mlangoni anavaa viatu. Cha kulia amekitia mguu wa kushoto. Ulimi umechungulia pembeni mwa mdomo, kwa jinsi alivyozama kazini. Bibi anainama amsaidie. Mama, mkoba uko begani, anasema, "Mama, mwache, ajifunze mwenyewe." Bibi anajibu bila kuinua kichwa, "Atajifunza lini na nyie mshachelewa?" Mama anashusha pumzi kwa nguvu. Bibi anakiachia kiatu, anainuka, anakwenda zake ndani.

Hakuna aliyepaza sauti. Hakuna tusi lililotoka. Lakini mwangalieni mtoto. Mikono imesimama. Macho yametoka kwenye kiatu yakaenda kwa mama, yakaenda kwenye mgongo wa bibi, yakarudi kwa mama. Punde anakitupa kiatu, anaangua kilio, na mama anauliza kwa kuchoka, "Sasa unalia nini?"

Nataka tulijibu swali hilo, maana lina jibu.

Mtoto mdogo huzitazama nyuso zetu ili ajue kama alipo pana usalama. Hilo limepimwa. Mwaka 1960 watafiti wawili wa Marekani, Eleanor Gibson na Richard Walk, walieleza jinsi walivyowatambaza watoto juu ya meza yenye kioo kinene. Upande mmoja kitambaa cha mirabaraba kilibandikwa chini kabisa ya kioo. Upande wa pili kitambaa hicho kilishushwa, ikawa mtoto akitazama anaona kama shimo, ingawa kioo kinamshika na hawezi kuanguka. Wengi walikataa kulipita lile shimo. Miaka 25 baadaye, mwaka 1985, James Sorce na wenzake wakafanya jaribio la namna hiyo kwa watoto wa mwaka 1, lakini walilipunguza shimo likawa na kina cha kama sentimita 30, kiasi cha kumtia mtoto shaka: nipite, nisipite? Ng'ambo alisimama mama yake, kimya, akionyesha uso tu. Waliopewa uso wa furaha walikuwa 19, na 14 kati yao walivuka. Waliopewa uso wa hofu walikuwa 17. Hakuvuka hata mmoja.

Sasa fikirini ng'ambo ile wangesimama wawili anaowapenda sawasawa, mmoja anacheka na mwingine amekunja uso. Yule mtoto wa viatu alikuwa hapo hasa. Kiatu alikiweza, au angekiweza baada ya muda. Kilichomliza ni kwamba watu wawili anaowatazama ili ajue afanye nini walitoa majibu mawili, kisha wakakasirikiana, na katikati yao yumo yeye.

Najua kuna atakayeniambia, "Huyu bado mchanga, hajui kitu." Mwaka 2013, Alice Graham na wenzake wa Chuo Kikuu cha Oregon walichapisha utafiti wa watoto wa kati ya miezi 6 na 12. Walipiga picha za ubongo wa watoto hao wakiwa wamelala usingizi, huku wakisikilizishwa sauti ya mtu mzima akitamka maneno yasiyo na maana, mara kwa furaha, mara kwa kawaida, mara kwa hasira. Watoto waliotoka katika nyumba ambazo mama zao walisema zina ugomvi zaidi, ubongo wao uliitikia zaidi ile sauti ya hasira kali, katika sehemu zinazohusika na hisia na msongo. Wamelala! Kwa hiyo ule usemi wetu kwamba "tungoje alale ndipo tugombane" nao una mipaka, hasa kama ukuta ni mwembamba.

Sisemi haya ili mrudi nyumbani mkaishi kwa kunyata. Nyumba yenye watu wanaopendana ina kutoelewana, na mtoto akikulia mahali ambapo hakuna anayepingana na mwenzake, sijui atajifunzia wapi kupatana. Mtafiti E. Mark Cummings, aliyetumia miaka mingi kuangalia watoto wanavyoitikia ugomvi wa wakubwa, aliona yeye na wenzake kwamba mtoto hutulia sana anapoona ugomvi umemalizika. Hata wakubwa wakienda kumalizia chumbani, mtoto akiambiwa baadaye kuwa wamepatana, inamsaidia. Na aliona jambo jingine ambalo linatugusa wengi: kununa. Ule ukimya wa siku nzima, mtu anapita hasemi, sahani inawekwa mezani kwa kishindo. Kwa mtoto huo ni ugomvi unaoendelea. Sisi tunajisifu kwamba "hatukugombana mbele ya mtoto". Tumegombana mbele yake tangu asubuhi hadi jioni, ila hatukutumia maneno.

Nirudi kwa bibi, maana katika mikutano kama hii bibi husemwa sana na hatetewi.

Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana, na elimu ya leo inakubaliana nao. Katika miaka ya 1980, Kristen Hawkes na wenzake walikaa na Wahadzabe, karibu na Ziwa Eyasi nchini Tanzania, wakifuatilia nani anatafuta chakula na nani anakila. Waliona akina bibi wakichimba mizizi kwa saa nyingi, wazee kwa umri lakini hawazidiwi bidii na wasichana. Na mama anapokuwa na mtoto mchanga, mtoto aliyetangulia kuachishwa ziwa aliongezeka uzito kadiri bibi yake alivyofanya kazi. Kutokana na hayo Hawkes akajenga hoja kwamba huenda binadamu tunaishi miaka mingi baada ya uzazi kukoma kwa sababu kazi ya bibi ilikuwa inaokoa wajukuu. Hoja hiyo bado inajadiliwa na wataalamu, lakini bibi aliyekaa hapa mbele na achukue hili: uliyoyafanya nyumbani kwa mwanao hayakuwa mambo ya pembeni.

Hata sheria za dunia zinamtambua. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ibara ya 5, unazitaka nchi ziheshimu wajibu, haki na majukumu ya wazazi, na pale inapohusika, ya jamaa wa ukoo na jamii, katika kumwongoza mtoto. Mkataba huohuo, ibara ya 18, unasema wajibu wa kwanza wa malezi ni wa wazazi. Mimi nazisoma ibara hizo mbili pamoja. Bibi, shangazi, mjomba, mna nafasi, na hampewi kwa hisani. Lakini pale neno la mwisho linapotakiwa, ni la mzazi.

Neno la mwisho linatakiwa wapi? Kwa maoni yangu, mahali pachache sana, na hapo pachache mzazi asiyumbe. Mtoto mchanga alazwe chali, kila anapolala, usiku na mchana, mahali pagumu kiasi pasipo mito. Kabla ya miezi 6 anyonye maziwa ya mama tu, bila hata maji, kama Shirika la Afya Duniani linavyoshauri, isipokuwa daktari ameelekeza vingine. Asali asipewe kabla ya kutimiza mwaka 1, maana inaweza kuwa na vijidudu vinavyotoa sumu tumboni mwake, ingawa mkubwa haimdhuru. Na asitikiswe kamwe, hata akilia hadi unaona giza. Mweke chini mahali salama, toka nje, vuta pumzi, mwite mtu akupokee. Hayo hayana cha bibi wala cha mjomba.

Lakini yasemwe kwa adabu, na kwa haki. Chukueni hilo la kulaza chali. Kwa miaka mingi katika karne iliyopita, wataalamu katika nchi nyingi walishauri mtoto alazwe kifudifudi. Ni mwanzoni mwa miaka ya 1990 ndipo kampeni za kulaza chali zilipoanza. Marekani ilizindua yake mwaka 1994, na vifo vya ghafla vya watoto wachanga usingizini vikapungua kwa karibu nusu katika miaka iliyofuata. Kwa hiyo bibi aliyewalaza wanawe kifudifudi hakuwa mzembe. Huenda alitii alichoambiwa na waliosoma wa wakati wake, kama wewe unavyotii leo. Binti akimwambia, "Mama, enzi zenu mlikuwa hamjui," amemtukana mtu aliyemlea. Akimwambia, "Mama, kliniki wametuambia sasa alale chali, wameona wengi wanapona, nisaidie kulisimamia hili," amempa kazi. Nimeona mabibi wakigeuka walinzi wakali wa jambo kwa sababu tu waliombwa msaada badala ya kusahihishwa.

Na kuna mahali ambapo bibi yuko mbele ya waliosoma. Vitabu vingi vya zamani viliwaonya akina mama wasimbebe mtoto kila anapolia, eti atazoea mikono. Mabibi wengi walivipuuza, wakabeba. Mwaka 1972 Silvia Bell na Mary Ainsworth waliripoti kwamba watoto ambao mama zao waliitikia kilio haraka katika miezi ya mwanzo walilia kidogo zaidi kuelekea mwisho wa mwaka wa kwanza. Kulikuwa na wataalamu waliobisha jinsi walivyohesabu, lakini leo ni wachache wanaomwambia mama amwache mtoto wa miezi 3 alie hadi achoke. Basi baba, ukirudi ukamkuta mama yako amembeba mjukuu, usiseme "mnamharibu". Nenda ukanawe mikono, umpokee.

Yaliyobaki, na ndiyo mengi, ni mazoea. Kwa bibi analala saa 3 usiku, kwenu saa 2. Kwa shangazi anaruhusiwa kuruka juu ya kochi, kwenu haruhusiwi. Babu anamvalisha sweta wakati nyinyi mnatokwa na jasho. Haya yanawagombanisha watu kuliko yale ya hatari, nami nawaomba myaache. Mtoto anaweza kuelewa kwamba kila mtu ana taratibu zake. Watoto wanaolelewa kwa lugha mbili, wakifika miaka 2 hivi tayari wanajua kumsemesha mama kwa lugha yake na bibi kwa yake. Mtoto anayeweza hilo, hashindwi kujua kwamba kochi la shangazi linarukiwa na la nyumbani halirukiwi. Kinachomshinda ni wewe kumkuta anaruka kwa shangazi na kumkemea shangazi mbele yake. Hapo hajifunzi utaratibu wa kochi. Anajifunza kwamba furaha yake na shangazi inakukasirisha wewe, na kwamba afadhali akufiche.

Baba niwaambie kidogo tu. Wengi wenu mkirudi jioni mnaingia katikati ya jambo ambalo hamkuliona likianza. Mtoto amekatazwa kitu, analia, anakimbilia miguu yako. Kabla hujampa wala hujamnyima, muulize aliyekuwepo: "Kumetokea nini?" Uliza kwa sauti ya kawaida, mtoto akisikia. Swali hilo moja linamwambia kwamba nyinyi wawili mko upande mmoja, na linamheshimu aliyeshinda naye kutwa, awe mama, dada wa kazi au mdogo wako.

Kuna mahali pawili ambapo jamaa humwumiza mtoto kwa mapenzi tupu, na siwezi kushuka hapa bila kupataja.

Pa kwanza ni ujio wa mtoto wa pili. Wageni wanaingia kwa vigelegele, wanampita yule mkubwa wa miaka 2 au 3 kama hayupo, wanakwenda moja kwa moja kwa mchanga. "Jamani kazuri! Leteni nimbebe!" Kisha mmoja anageuka na kumwambia yule mkubwa, "Wewe sasa basi, kiti kimechukuliwa." Watu wanacheka. Yeye hacheki. Siku mbili baadaye anajikojolea ilhali alishaacha, anataka kubebwa, anamfinya mdogo wake, na tunasema ana wivu, ana roho mbaya. Ndugu zangu, mkienda kumwona mzazi, msalimieni kwanza yule mkubwa, kwa jina lake, mkiwa mmechuchumaa mfikie macho yake. Kisha mwambieni, "Nipeleke nikamwone mdogo wako." Yeye ndiye atangulie, yeye ndiye aonyeshe. Mmemfanya mwenyeji. Nimeshuhudia mtoto aliyekuwa amejibanza nyuma ya pazia akitoka na kumshika shangazi kidole, akamvuta hadi kitandani na kunong'ona, "Amelala. Usipige kelele." Hakuna aliyemfundisha kusema hivyo.

Pa pili ni mizaha. "Mama yako kaondoka, harudi tena." "Leo nakuchukua, utakaa kwangu, wenzako hawakutaki." Msemaji anatania, na mtoto akianza kulia inaonekana ni uchangamfu wa nyumba. Mtoto wa miaka 2 au 3 hana uwezo wako wa kutenganisha maneno na nia iliyo nyuma yake. Kwake umesema mama harudi, na wewe ni mjomba, mjomba hasemi uongo. Mzazi anayeona hilo anabaki njia panda, maana akimkataza kaka yake ataambiwa mwanawe amefanywa yai. Mkataze hata hivyo, kwa kucheka kama unaweza: "Mjomba anatania, mama yuko hapa, mama anarudi kila siku." Umemjibu mtoto, na mjomba amesikia.

Simu nitaipitia haraka, kwa kuwa wengi mmeniandikia kuihusu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema mtoto wa chini ya mwaka 1 asiwekwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa 1 kwa siku, ikipungua ni bora zaidi. Lakini bibi na babu wanaoishi mbali msivunjike moyo. Mwaka 2016 madaktari wa watoto wa Marekani waliposhauri watoto wa chini ya miezi 18 waepushwe na skrini, waliacha wazi mazungumzo ya video na jamaa. Mtoto akae na mtu mzima pembeni anayemwambia, "Huyo ni babu, mpungie." Na kwa wakubwa mlio nyumbani: mtoto anapokuita mara tatu na macho yako yako kwenye simu, naye anausoma uso huo.

Nimalizie pale ambapo naulizwa sana: tufanye nini ikiwa tumeshavutana mbele yake? Kwa sababu mtavutana. Kesho asubuhi kuna viatu tena.

Kwanza, asiyeanza ndiye anyamaze. Akishaanza mmoja kumwongoza mtoto, hata kama unaona njia yake si nzuri, mwache amalize, isipokuwa kuna hatari. Utalizungumza baadaye, mtoto akiwa nje au akiwa na mtu mwingine, na lizungumze siku hiyohiyo kabla halijaungana na ya mwaka jana. Zungumzia kiatu. Usifike kwenye "wewe siku zote".

Pili, anayetakiwa kumkabili mkwe si mkwe. Kama mama mkwe amemuudhi mkeo, wewe mume ndiye uende kwa mama yako. Na kama ni mama wa mke, binti aende. Mama husikia kwa mwanawe mambo ambayo akiyasikia kwa mkwe yatakuwa vita. Wanaume wengi hapa hukwepa, mnasema "mambo ya wanawake hayo". Mtoto ni wako, na mama ni wako. Hakuna mwenye jambo hili kuliko wewe.

Tatu, mkishapatana, rudini kwa mtoto. Mchuchumalie pamoja, au mmoja wenu tu kama ndivyo ilivyowezekana, na useme kwa maneno anayoyaweza: "Asubuhi mama na bibi walikasirikiana kwa sababu ya viatu. Wewe hukukosa. Tumeshaongea, tumepatana." Msiongeze mahubiri. Kama bibi anaona haya kusema hivyo kwa mtoto mdogo, basi ambebe tu mbele ya mama, na mama acheke naye jambo lolote, mtoto aone. Halafu kubalianeni nani asimamie viatu kuanzia kesho. Mmoja tu, na mwingine ashike mkoba.

Nimesikia bibi mmoja hapa mbele akiguna nilipofika kwenye sweta. Tumwanze yeye kwa maswali, kisha baba mwenye shati la bluu, halafu wale vijana wa nyuma, maana wao ndio hatujawasikia kabisa.